Usiku wa Kipupwe, Jiko Lilale Nje



Himdi na shukrani zote zinamstahikia Allah Subhanahu wa Taala, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aila yake na masahaba wake. Ama baad.

Mama mmoja, msomaji wa jarida letu, aliyezaliwa mwambao na kuolewa bara, ameniletea suali ambalo nimekaa nalo wiki tatu nikilitafakari. Anasema nyumba yao ni ya matofali na mabati. Mchana wa Februari ni tanuri, na usiku wa Julai watoto hulala wakitetemeka, hata mumewe amezoea kuingiza jiko la makaa chumbani ili wapate joto. Anauliza mambo mawili. La kwanza, je, iko njia ya kuifanya nyumba hiyo ikalike vizuri majira yote bila ya kumaliza fedha kwa makaa na umeme? La pili, je, jiko lile lina dhara? Hili la pili ameliandika kwa ufupi, mwisho wa karatasi, kama mtu aulizaye bei ya chumvi. Mimi ndilo lililonikosesha usingizi, na sababu yake nitaieleza mbele.

Mimi si fundi wa majengo. Ni mwalimu wa watoto tu. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiishi Migwani, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Kitui kwenda Mwingi, ambako nasomesha watoto wa aila chache za Kiislamu, na wakati wa likizo hurudi kwetu Mombasa. Kwa hivyo nimelala katika nyumba za namna mbili, na kila moja imenifunza kasoro za mwenziwe.

Nyumba niliyolelewa mimi ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa karibu dhiraa nzima, dari yake ya boriti za mikoko iko juu sana, na katikati una ua wazi. Wazee walioijenga hawakuwa na feni wala barafu. Walijua kwamba ukuta mnene huchukua muda mrefu kupata moto na muda mrefu kupoa, kwamba hewa ya moto hupanda juu, na kwamba upepo ukipata pa kuingia lazima upewe na pa kutokea. Wakati wa kaskazi na wakati wa kusi nyumba ile ilikuwa ikipumua. Na jirani zetu waliokuwa na nyumba za udongo na makuti, ingawa tulidhani wao ni maskini kuliko sisi, walilala kwa raha zaidi siku za joto, maana makuti hayashiki moto wa jua kama chuma.

Migwani ni habari nyingine. Mji uko katika miinuko, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na nchi yote ile ni kame. Mvua ya kutumainiwa na mkulima ni ile ya Oktoba hadi Desemba, kisha huja ile ya Machi hadi Mei, ambayo mara nyingi humvunja moyo. Baina ya mvua mbili hizo kuna Januari na Februari za jua kali, na kuna Juni, Julai na Agosti, ambazo mtu wa pwani huzistaajabia. Asubuhi mawingu mazito hulala juu ya vilima, mchana jua huonekana saa chache tu, na usiku baridi huingia hadi kwenye mifupa. Sisi pwani huita kipupwe upepo mtamu wa kuvaa kanzu nzito kidogo. Kipupwe cha Ukambani ni cha blanketi mbili.

Na nyumba nyingi za huko, kama ya mama huyu, ni kuta za matofali ya kuchoma zenye unene wa tofali moja, na juu yake mabati matupu bila ya dari. Bati halina subira. Jua likipanda saa nne asubuhi lishapata moto, nalo linaumwaga chini juu ya vichwa vya watu. Jua likizama, saa moja baadaye lishakuwa baridi, na joto lote la chumba linapotelea mbinguni kupitia kwake. Kwa hivyo kasoro ya mchana wa Februari na kasoro ya usiku wa Julai ni moja, nayo iko juu ya vichwa vyenu. Mwenye shilingi za kutengeneza jambo moja tu katika nyumba ya mabati, na aweke dari. Dari ya mbao nyembamba ikiwezekana, ikishindikana hata ya mikeka au magunia yaliyoshonwa na kuvutwa vizuri, madhali haiko juu ya moto wa kupikia, maana magunia na nailoni hushika moto upesi mno. Kilicho muhimu ni ile nafasi ya hewa inayobaki baina ya dari na bati. Kisha juu kabisa, katika ile pembe ya ukuta wa ubavuni chini ya paa, watobolewe matundu mawili yanayoelekeana, yawekwe waya wa kuzuia popo, ili hewa ya moto itoke. Na bati likipakwa chokaa au rangi nyeupe kwa nje, sehemu kubwa ya jua hurudi lilikotoka. Chokaa huoshwa na mvua, kwa hivyo hupakwa tena kila mwaka kabla ya jua la Januari, nayo ni kazi ya asubuhi moja kwa vijana wawili.

Hapa nitaingiza jambo ambalo lilinifurahisha nilipoling'amua. Migwani, kama Mombasa na Lamu, iko jirani na Ikweta. Jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi, na adhuhuri husimama karibu na utosi. Ukuta unaoteswa zaidi ni ule wa magharibi, unaopigwa jua la alasiri likiwa chini, wakati ambapo nyumba tayari imeshapata moto wa mchana kutwa. Kuta zinazoelekea kaskazini na kusini hufunikwa na upenu. Sasa, Makka kwetu sisi iko kaskazini, karibu sawasawa. Ukiwa Mombasa huna haja ya kupinda, na ukiwa Migwani unaelekea mashariki kidogo tu. Wahenga wetu wa pwani hata waliuita upande wa kaskazini kibula. Basi mtu akijenga nyumba ndefu ambayo uso wake unaelekea kibla na mgongo wake kusini, na madirisha yake akayaweka pande hizo mbili, amepata safu yake ya Swala na amelikwepa jua, vyote kwa kamba moja ya kupimia. Nimewaambia mafundi wawili huko Migwani, mmoja wao si Muislamu, naye alicheka akasema atawajengea hivyo hata Wakristo.

Mpangaji hawezi kuigeuza nyumba. Lakini anaweza kutundika mkeka mzito nje ya dirisha la magharibi, si ndani, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia. Anaweza kumuomba mwenye nyumba ruhusa ya kupanda mwarobaini au mpapai upande huo. Mwarobaini hustahimili ukame, na baada ya miaka michache kivuli chake kinafika ukutani. Usipandwe karibu mno na msingi.

Liko suala moja ambalo waandishi wa majengo hawaligusi, nalo ni la sitara. Wanawake wetu wengi hufunga madirisha na kushusha mapazia mchana kutwa, hasa katika nyumba za kupanga ambazo dirisha linatazama njia au linatazama ua wa watu wote. Siwalaumu. Mwanamke ana haki ya kukaa ndani ya nyumba yake kichwa wazi bila ya kuonwa na wapita njia. Lakini nimeingia katika nyumba ambazo sitara imegeuka kifungo. Hewa imelala, moshi wa jikoni umekwama, watoto wanakohoa mwezi baada ya mwezi, na mama wa nyumba amechoka bila ya kujua amechoshwa na nini. Mababu zetu walilipata jawabu la hili zamani. Waliweka matundu juu, kupita kimo cha mtu, na mbele ya dirisha wakaweka mbao zilizopangwa kimia kimia, aliye ndani aone na aliye nje asione. Tofali lenye matundu linafanya kazi ile ile leo kwa bei ndogo. Ukuta wa jikoni ukijengwa safu mbili za juu kwa matofali hayo, pande mbili zinazoelekeana, moshi utatoka, na mama ataweza kuvua mtandio wake akapika. Waume wanaosoma makala haya wajue kwamba kumtaka mkeo ajisitiri na kumjengea jiko lisilo na pa kutokea moshi ni mambo mawili yasiyolingana.

Tena nyumba nyingi za matofali tayari zina vitundu vya hewa juu ya kila dirisha. Fundi aliviacha makusudi. Sisi ndio tunaoviziba, kwa matambara, kwa magazeti, kwa karatasi ya nailoni, ati baridi, ati vumbi, ati mbu. Kwa mbu weka waya mwembamba. Kwa baridi, subiri nikusimulie.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wangu wa kwanza Migwani. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka pwani, mtu mzima aliyepita miaka sabini, ambaye hakuwahi kuiona baridi ya namna ile. Usiku wa kwanza hakulala. Usiku wa pili mimi mwenyewe nilipanda kiti nikaziba vitundu vya hewa vya chumba chake kwa vitambaa, nikafunga dirisha, nikatandika mkeka mlangoni ili upepo usipenye chini. Kisha nikaingiza jiko la makaa. Makaa yalikuwa yameshashika sawasawa, mekundu, hayana moshi hata chembe, nami nikajiambia kwamba ubaya wa jiko ni moshi, na hili halina moshi. Binti yangu mdogo alilala na bibi yake. Nilifurahi kumsikia mama akisema sasa amepata joto.

Ninayo ada ya kuamka kabla ya alfajiri. Usiku ule niliamka, nikapita mlangoni mwao, nikaona taabu kwamba sisikii kukohoa. Mama mkwe wangu hukohoa usiku kucha. Nilibisha, nikaita, "Mama, mama, u mzima?" Hakuna jawabu. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni na nikahisi kichwa kizito papo hapo. Binti yangu alikuwa ametapika, amelala juu ya matapishi yake, naye nilipomtikisa alifungua macho akanitazama kama hanijui. Mama alikuwa hatikisiki. Tuliwabeba nje mmoja mmoja, mke wangu na mimi, tukawalaza barazani katika baridi ile ile niliyokuwa nikiikimbia. Jirani yetu, mwanamke wa Kikamba anayeuza uji asubuhi, alitoka na taa yake, akatazama ndani, akaona jiko. Hakusema neno la lawama. Alisema tu, "Mwalimu, hilo ni jiko," kisha akakimbia kumwamsha mwenye gari.

Mama alifumbua macho tukiwa njiani. Alikaa hospitali siku mbili akiumwa na kichwa, na wiki kadhaa baadaye akawa anasahau majina ya wajukuu, kisha Allah akamrudishia. Leo yu hai, naye huwahadithia watu kwamba mkwe wake nusura amuue kwa mapenzi. Watu hucheka. Mimi bado sijaweza kucheka.

Sasa yaliyotokea ndani ya chumba ni haya. Makaa yanapoungua hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi hutufukuza chumbani, lakini hewa hii hutuacha tumelala. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zinazozidi mara 200 zile za oksijeni, hewa tunayoihitaji, na hivyo damu huzunguka mwilini mikono mitupu. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa, na yakianza kufa chini ya majivu bado huitoa. Chumba kikiwa kimezibwa, inajikusanya. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na watu wengi hudhani wameshikwa na malaria au wamekula kitu kibaya. Dalili kubwa ni kwamba walio chumba kimoja wote wanaumwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Mjamzito ahadhari zaidi ya wote, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika vikali hata pale mama mwenyewe anapojihisi si mgonjwa sana.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, vuta pumzi nje kwanza, ingia, fungua, mtoe. Usikae ndani kutafuta viatu wala kumvalisha. Kisha mpeleke hospitali hata akiamka na kusema amepona. Na usimwamini anayekwambia kwamba sufuria ya maji juu ya jiko hunyonya sumu, au kwamba kuacha dirisha wazi kidole kimoja kunatosha. Jiko la makaa halilali chumbani, basi.

Jambo lililoniuma kuliko yote ni kwamba hadithi za mlango huu nilizihifadhi tangu chuoni. Amepokea Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na wenyewe. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari yao akawafahamisha watu kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapokwenda kulala. Na katika mapokezi ya Jabir (r.a.) kuna amri ya kufunga milango, kufunika vyombo na kuzima taa usiku, na katajwa panya anayeweza kuukokota utambi akawaunguzia watu nyumba. Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Muslim ametafiti kuhusu kandili zinazotundikwa msikitini na penginepo. Amesema zikihofiwa kuleta moto zinaingia katika amri hiyo, na kama kuna amani nazo basi inaonekana hakuna ubaya, kwa kuwa ile sababu haipo. Haya nilikuwa nikiyasomesha. Nilidhani maana ya uadui wa moto ni kuunguza tu. Sikufikiri kwamba unaweza kuua bila ya kuunguza hata uzi wa shuka.

Na kwa kuwa nawaandikia watu wa mwambao, niongeze chetezo. Kufukiza udi na ubani chumbani ni ada njema, wala sina neno nayo. Lakini makaa ya chetezo ni makaa. Fukiza dirisha likiwa wazi, na ukimaliza chetezo litolewe, lisiachwe chini ya tenge la nguo wala uvunguni mwa kitanda, halafu watu wakafunga mlango wakalala.

Basi watoto watapataje joto? Nyumba yenyewe iwape. Ukuta wa matofali hukusanya jua la mchana, hata lile chache la Julai. Fungua madirisha yanayopata jua kuanzia asubuhi likitoka, kisha uyafunge kabla ya Magharibi, si baada ya Isha wakati ambapo joto limeshatoka. Vitundu vya juu visizibwe kamwe. Mkeka mzito na gunia chini ya godoro husaidia kuliko blanketi la ziada juu, kwa sababu sakafu ya saruji huunyonya mwili usiku kucha. Blanketi mbili nyepesi zinashinda moja nzito. Soksi, kofia ya sufi kwa mtoto na mzee, uji wa moto kabla ya kulala, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa miguuni. Aila nzima ikilala katika chumba kimoja au viwili wakati wa kipupwe, joto lao linatosha. Na ile dari niliyoitaja, faida yake ya Julai ni kubwa kuliko ya Februari. Siku za joto mambo hupinduliwa. Funga upande wa jua mchana, fungua pande zote usiku, neti zikiwa zimeshushwa.

Kuhusu matumizi ya makaa. Sisi wa mijini huyaona yakija kwa magunia tusijue yametoka wapi. Mengi yametoka nchi kame kama Kitui, ambako mti huchukua miaka mingi kukua. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka katika kaunti hiyo, na Februari mwaka huo huo serikali kuu ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Palikuwa na kelele nyingi. Lakini ninayekaa huko nayaona makorongo, na naona wanawake wanavyozidi kwenda mbali kwa kuni.

Jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenezwa Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa theluthi moja, na likitumiwa vizuri hata nusu, ukilinganisha na jiko la bati tupu. Wengi tunalo. Tunalolisahau ni ada zetu za kupika. Huko Migwani chakula cha kila siku ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maharagwe au kunde, au isyo ya mahindi mazima, na vyote huchukua saa nyingi motoni. Jirani yangu muuza uji ndiye aliyemfunza mke wangu kuloweka mahindi na maharagwe tangu jioni, kuyamwaga maji yale, na kufunika sufuria kwa kifuniko kizito chenye jiwe juu. Kisha chakula kikishachemka sawasawa, huondoa sufuria motoni na kuitia katika kapu kubwa lililojazwa matambara na majani makavu ya migomba, akaifunika kwa mto. Muthokoi hujimalizia kupika humo kwa joto lake lenyewe, na makaa yaliyobaki huchemsha chai. Mke wangu kwanza alidhani anafanyiwa mzaha. Sasa maharagwe ya nazi hayaivi kwetu kwa njia nyingine, hata tukiwa Mombasa, na gunia la makaa lililokuwa likitutosha mwezi sasa linakaribia miwili.

Wenye gesi, maneno mawili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni. Ukisikia harufu usiwashe taa wala usiizime, funga mtungi, fungua mlango, toka. Na unganisho la mpira lijaribiwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Mtungi usimame wima daima.

Umeme nitapita upesi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa nne kila usiku hula uniti 7.2 kwa mwezi, na balbu ya LED ya wati 9 kwa muda ule ule hula moja na kidogo. Tangu Aprili 2023 bei nafuu zaidi ya umeme wa nyumbani nchini Kenya ni ya wale wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, kwa hivyo nyumba ndogo ikibadilisha balbu na kupiga pasi nguo za wiki nzima kwa mara moja inaweza kubaki ndani ya kiwango hicho. Koroboi ya mafuta ya taa, kama bado mnayo, badala yake kuna taa ndogo ya jua, na yule panya hana utambi wa kukokota.

Mvua nayo. Kabla ya Oktoba mtu apande kuangalia misumari ya mabati, maana upepo unaotangulia mvua huko bara hung'oa paa lililolegea. Mfereji wa paa usafishwe majani. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji, kwa hivyo mvua moja ya milimita 20 juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 1,000, ukitoa kinachopotea. Mahali ambapo ndoo hubebwa na punda kutoka kwenye mchanga wa mto, hiyo si kitu kidogo. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, kisha ndipo maji yaingizwe tangini, hasa kama bati limepakwa chokaa. Tangi lifunikwe kwa waya, la sivyo tumefuga mbu.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 80 na ya 81, Mola wetu ametaja miongoni mwa neema zake kwamba amezijaalia nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu, na akataja vivuli, na mavazi ya kutukinga na joto. Nilipokuwa kijana nilizisoma aya hizo nikadhani nimezifahamu.

Mama uliyeniandikia, mwonyeshe mumeo makala haya. Kama ataona haya kuuondoa mwenyewe ule mtindo wa jiko chumbani, mwambie kwamba shehe aliyeandika alifanya vivyo hivyo, tena akapanda kiti akaziba na vitundu. Leo usiku kabla ya Isha, jiko litolewe barazani, mbali na mapazia na mbali na njia ya watoto, majivu yamwagiwe maji. Kisha mpande kiti nyinyi wawili mtoe vile vitambaa.

Wabillahi tawfiq.